Darasa la ufinyanzi liwe siku ya kwanza ya likizo

Kikombe changu cha kwanza nilikiacha hotelini kikiwa kibichi. Nilijiandikisha darasa la ufinyanzi siku moja kabla ya kuondoka, nikashinda asubuhi nzima nimejipaka udongo hadi viwikoni, ndipo mwalimu akaniambia kwa upole kwamba chombo hakisafiri. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi hata hicho kigae sikuondoka nacho.

Tangu hapo, hoteli ikiwa na madarasa kwa wageni, sianzi kuuliza bei. Nauliza kazi inakauka lini. Chombo kidogo cha udongo huhitaji wiki moja hivi kukauka sawasawa. Kikiingia tanurini na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Kisha huchomwa mara mbili: kwanza kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, halafu hupakwa ile rangi inayoyeyuka na kuwa kama kioo, kirudi tena motoni. Kwa hiyo jiandikishe siku ya kwanza, na hata hivyo uliza mapokezi kama wanaweza kukutumia mzigo baadaye.

Ukiwa na siku mbili tatu tu, achana na udongo. Tafuta darasa la picha za jua, mbinu aliyoigundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Karatasi hupakwa dawa yenye chuma, unalaza jani juu yake, unaianika juani dakika kumi hivi, unaisuuza kwa maji. Kivuli cha jani hubaki cheupe ndani ya bluu iliyokolea. Ikikauka, unaibana ndani ya kitabu na safari inaendelea.

Kwa wanaong'ang'ania gurudumu, ile sahani inayozunguka ya kufinyangia, kama mimi: kata kucha, vua pete, na uulize mapema wageni wangapi watagawana gurudumu moja. Wakizidi wawili, utashinda ukitazama migongo ya watu. Ukikaa, egemeza viwiko mapajani. Mikono inayoelea hewani haiwezi kuutuliza udongo katikati, na usipotulia hapo, kila utakachofanya baadaye kitayumba. Mimi nilitumia saa nzima kwa hilo peke yake. Usione haya kumwomba mwalimu akuwekee katikati; uliyekuja kupumzika hushindani na mtu. Maji tia kidogo, maana udongo ukilowa kupita kiasi hulegea na kuanguka. Na kikombe kitengeneze kikubwa kuliko unachotaka, kwa sababu kikishakauka na kuchomwa hupungua sehemu moja ya kumi hivi.

Udongo ukiwa bado laini, chora herufi za jina lako chini ya chombo kwa njiti, kisha ukipige picha. Wanafunzi wa siku moja wote hufinyanga mabakuli yanayofanana.