Kabla Hujanunua Boti ya Tanga Yenye Mkuku, Lala Chini Yake Kwanza

Wengi wakienda kuangalia boti ndogo ya tanga yenye mkuku huomba kwanza waonyeshwe matanga. Mimi siku hizi naanzia chini. Mkuku, yaani lile pezi zito lililo chini ya boti, ndio utakaoamua gari gani liivute, itashushwa vipi majini, na siku ya kuuza mnunuzi atapiga magoti wapi.

Chukua J/24, boti iliyosanifiwa na Rod Johnstone miaka ya 1970 na ambayo zimeshaundwa zaidi ya 5,000. Ina urefu wa mita 7.3 na uzito wa kilo 1,400 hivi, na katika hizo karibu 430 ni za mkuku. Hii si boti ya kusukumwa na watu wawili ufukweni.

Basi lala chini yake, na tochi. Fuata mstari ambapo mkuku umeungana na mwili. Ufa mwembamba unaweza kuwa wa rangi tu. Lakini boti ikiwa nchi kavu kwa siku kadhaa na ufa bado unatoa maji yenye kutu, shuku bolti zinazoushika mkuku. Panda ndani, funua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, utazame nati zenyewe na faiba inayozizunguka. Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki uigonge sitaha taratibu, hasa kwenye kitako cha mlingoti na kandokando ya kila kifaa kilichofungwa kwa skrubu. Ikiwa nzima inalia ko, ko, kavu. Ukifika mahali sauti ikadidimia ikawa bu, simama hapo. Boti nyingi za aina hii zina mti mwepesi wa balsa katikati ya matabaka mawili ya faiba, na tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri hulowesha kiini chote polepole. Hakuna kazi nyingine inayokula wikendi kama hiyo.

Ukishamaliza, geukia trela. Kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ni za boti tupu. Ongeza trela yenyewe, injini, nanga, matanga na makorokoro yote, uipeleke kwenye mizani ya magari, ndipo ulinganishe na uzito ambao gari lako linaruhusiwa kuvuta. Boti ikalie mkuku wake; vile viegemeo vya pembeni kazi yake ni kuizuia isilale, havikuwekwa kubeba mzigo. Mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli, maana nyuma kukizidi trela huanza kutikisa mkia barabarani.

Beringi ndizo zilizonifundisha adabu. Niliwahi kuegesha kando ya barabara usiku, kitovu cha gurudumu kikinuka grisi iliyoungua, na tairi la akiba nililokuwa nalo halikuwa na msaada wowote. Sasa nikishakwenda kilomita 30 za kwanza nasimama, napitisha mgongo wa mkono karibu na kila kitovu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, safari imeishia hapo. Na ukitoka safari ndefu usikimbilie kuzamisha magurudumu majini: kitovu cha moto kikipoa ghafla hufyonza maji ndani.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, tazama juu. Mlingoti ni wa alumini, na alumini na nyaya za umeme havipatani.

Ya mashindano ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Hakikisha boti ina cheti cha vipimo, na jua uzito wa mabaharia unaoruhusiwa. Kanuni za World Sailing, shirika la kimataifa la mchezo wa matanga, hufanyiwa marekebisho kila miaka minne, kwa hiyo soma za 2025–2028, si zile alizokuachia mwenye boti wa zamani. Mbili zikukae kichwani: anayepata upepo ubavu wa kushoto humpisha anayeupata ubavu wa kulia, na mkipata upepo ubavu mmoja huku boti zikiwa ubavu kwa ubavu, wa joshini (upande upepo unakotoka) humpisha wa demanini (upande upepo unakoelekea). Mwanzo wa kawaida una ishara dakika 5, 4 na 1 kabla ya kuondoka. Mpe mtu mmoja saa, asishike kamba yoyote. Pesa ikiwa haba, nunua tanga la mbele jipya kabla ya kuhangaika na vifaa vya kung'aa, kwani tanga lililochoka halibishi, yaani halipandi kuelekea upepo unakotoka.

Kuuza nako kunaanza siku unaponunua. Tunza risiti za kamba za chuma zinazoshika mlingoti, maana mnunuzi makini atauliza umri wake, na karatasi za trela ziwe kwa jina lako. Ukitengeneza sitaha au kiungo cha mkuku, piga picha kabla hujafunika. Rangi mpya isiyo na picha humfanya mnunuzi atoe nyundo yake mfukoni.