Kutoka Dodoma hadi kiti cha kapteni: namna ya kupanga ajira ya urubani na nafasi yako katika orodha

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, huwa napokea simu kutoka kwa wazazi wa Dodoma wenye swali linalofanana: kijana amefaulu masomo ya sayansi, anataka kuwa rubani wa ndege za abiria, ada ni makumi ya maelfu ya dola, je, familia iuze shamba la zabibu la Hombolo au ng'ombe walioko Kongwa? Mimi ni rubani msaidizi niliyelelewa katika mkoa huu, na jibu langu huwa ni kwamba msiuze kitu bado. Hatua za kazi hii zina mpangilio wake, na anayeuvuruga hulipa kwa fedha mwanzoni na kwa miaka ya kazi mwishoni.

Daktari kabla ya ada

Hatua ya kwanza ni cheti cha afya cha daraja la kwanza. Cheti hiki hakitolewi na hospitali yoyote tu, bali na daktari wa usafiri wa anga anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, na kwa mtu wa Dodoma hilo kwa kawaida humaanisha safari ya Dar es Salaam. Gharama ya safari na vipimo ni ndogo mno ikilinganishwa na ada ya mafunzo, lakini familia nyingi huiacha hatua hii hadi kijana awe tayari chuoni. Namfahamu kijana wa Kondoa ambaye baba yake aliuza mifugo akalipa ada ya muhula mzima, na ndipo ikagundulika kwamba macho yake hayatofautishi rangi inavyotakiwa; mifugo haikurudi na kijana alilazimika kuanza upya katika fani nyingine.

Kuvaa miwani si kizuizi ilimradi macho yakirekebishwa yafikie kiwango, ambacho kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja. Mweleze daktari ukweli wote kuhusu kifafa, kisukari, moyo na dawa unazotumia. Cheti hudumu miezi 12, na kwa baadhi ya marubani muda hupungua hadi miezi 6 umri unapoongezeka, kwa hiyo afya ni sharti la ajira hadi siku ya kustaafu.

Leseni na saa za kuruka

Viwango vya chini vya ICAO vinaeleweka kirahisi. Leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia umri wa miaka 17 kwa saa 40 za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara kuanzia miaka 18 kwa saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Na leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa usafiri wa abiria inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa, kuanzia miaka 21 kwa saa 1,500. Kati ya hizo 1,500 zimo saa 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea mitambo ya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, na 200 za safari za masafa, kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Anza kuzihesabu aina hizi mapema katika logibuku yako, yaani daftari la kumbukumbu za saa zako za kuruka, kwa sababu wapo marubani wenye saa 1,500 kamili wanaokwama kwa kukosa saa za usiku, hasa waliofanya kazi katika viwanja vya mbugani ambako ndege haziruki jua likishazama.

Ukipanga kusoma Kenya, Afrika Kusini, Ethiopia au Marekani, iulize TCAA kwanza, kwa maandishi, kama leseni ya chuo hicho itabadilishwa kuwa ya Tanzania na kwa masharti gani. Kisha kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie: usilipe ada yote kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa kwa hatua kadiri kijana anavyoruka, kwa kuwa vyuo vya urubani hufilisika, ndege za mafunzo hukaa karakana kwa miezi, na fedha iliyokwisha kulipwa ni vigumu kuidai. Kiingereza nacho hupimwa: rubani wa safari za kimataifa huhitaji angalau kiwango cha nne cha ICAO, ambacho hurudiwa kila baada ya miaka mitatu.

Kazi ya kwanza na usaili

Mhitimu mwenye saa 200 ana leseni, lakini kampuni nyingi hazimpi kiti. Njia iliyozoeleka hapa nchini ni kuanzia ndege ndogo kama Cessna Caravan, katika kampuni za aina ya Auric Air au Regional Air, zinazobeba watalii na wasafiri wa viwanja vidogo. Makao ya kampuni za namna hii yapo zaidi Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na Mwanza, kwa hiyo kijana wa Dodoma ajiandae kuhama. Baada ya hapo huja ndege za marubani wawili: Precision Air hurusha ATR, na Air Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la ndege la Afrika Mashariki, ina Dash 8, Airbus A220, Boeing 737 MAX na Boeing 787.

Katika usaili hukaguliwa nyaraka, huulizwa maswali ya kitaalamu, na mara nyingi mwombaji hurushwa kwenye simuleta, yaani mashine inayoigiza urushaji wa ndege. Logibuku iwe safi na jumla zake zikubaliane, maana anayesaili hufungua kurasa chache tu na kosa la hesabu humtia shaka juu ya mengine yote. Kwa maswali ya kitaalamu, tumia mji wako kama darasa. Kiwanja cha Dodoma, ambacho marubani hukijua kwa herufi HTDO, kipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, jua likiwa kali, hewa huwa nyepesi, injini hupungua nguvu, mabawa hubeba kidogo na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko ingehitaji Dar es Salaam ikiwa na uzito uleule. Anayeweza kueleza hayo kwa utulivu, na kusema ni abiria au mafuta kiasi gani atapunguza, huonekana kuwa rubani tayari.

Orodha ya ukongwe

Hapa ndipo vijana wengi hawajui wanachotia saini. Katika mashirika mengi makubwa duniani, rubani hupewa namba kulingana na tarehe aliyoanza kazi, na namba hiyo, ambayo wenyewe huiita sinioriti, ndiyo hupanga nani aombe kwanza aina ya ndege, kituo cha kazi, ratiba ya mwezi, likizo ya Desemba na nafasi ya kupanda kutoka rubani msaidizi kuwa kapteni. Ubora katika mitihani ni sharti la kila mtu, kwani mara kwa mara kila rubani hupimwa kwenye simuleta, lakini kati ya wawili waliofaulu, mwenye namba ndogo hutangulia. Wakiajiriwa siku moja, hupangwa kwa kanuni ya kampuni, mathali umri au alama za mafunzo.

Namba haihamishiki. Kapteni mwenye miaka 15 katika shirika moja akihamia jingine lenye mfumo huu huanza chini kabisa, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyotangulia. Ndiyo maana kuchagua kampuni ya kukaa muda mrefu ni uamuzi mzito kuliko kuchagua chuo. Marekani, shirika la ndege la American Airlines lilipolinunua shirika jingine, TWA, mwaka 2001, marubani wengi wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha ya pamoja, na baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huohuo walioko mkiani ndio walioachishwa kwanza. Uchungu wa jambo hilo ulichangia Bunge la Marekani kupitisha mwaka 2007 sheria inayodai orodha za mashirika yanayoungana zichanganywe kwa haki.

Hesabu ya muda pia huwapotosha vijana. Ukomo wa umri kwa rubani wa safari za kimataifa za abiria, katika ndege ya marubani wawili, ni miaka 65. Anayechelewa kuingia kwa mwaka mmoja hudhani amepoteza mshahara mdogo wa mwaka wa kwanza, ilhali mwaka anaoupoteza ni ule wa mwisho, wenye mshahara wa kapteni mkongwe. Mimi mwenyewe niliomba kuripoti wiki tatu baadaye kwa sababu ya shughuli ya kifamilia ambayo ingeweza kunisubiri. Kundi jingine likaingia kabla yangu, na hadi leo watu saba waliofanya usaili siku moja nami huchagua likizo kabla sijachagua. Hakuna aliyenionea, ila hakuna aliyenieleza.

Mashirika ya hapa kwetu ni madogo na si yote yanayofuata orodha kwa ukali huo. Mengine hupandisha watu kwa uamuzi wa uongozi, kwa saa za kuruka au kwa mikataba ya miaka michache, kama yafanyavyo baadhi ya mashirika ya Ghuba. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza, na uombe jibu liwe katika karatasi: je, kuna orodha, na huanza kuhesabiwa tarehe ya mkataba au ya kumaliza mafunzo ya aina ya ndege, yaani yale ya kurusha ndege mahususi ya kampuni? Kapteni hupatikana kwa vigezo gani? Kampuni ikikulipia mafunzo hayo, utafungwa miaka mingapi, na deni hupungua kila mwezi au hubaki zima hadi mwisho? Tofauti ya majibu mawili ya swali hilo la mwisho yaweza kuwa mamilioni ya shilingi kwa anayeondoka mapema.

Uliza pia watu hupunguzwaje mambo yakiharibika. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao kuhusu, miongoni mwa mengine, namna ya kuwachagua watakaoondoka. Mahali penye orodha iliyoandikwa, mashauriano hayo huwa na pa kuanzia. Pasipokuwa nayo, kila mtu hujitetea peke yake.

Ukishaingia, usiukatae upandishaji wa kwanza bila sababu nzito. Wapo wanaokaa upande wa kulia, kiti cha rubani msaidizi, wa ndege kubwa kwa sababu ya safari za mbali, wakati kiti cha kapteni wa ndege ndogo kiko wazi. Saa za ukapteni ndizo mashirika mengine huzitafuta, nazo ndizo hufungua mlango wa kuwa mwalimu na hatimaye mkaguzi wa marubani.

Na kwa wanaotaka kuishi nyumbani: mradi wa uwanja wa ndege wa Msalato, hapa Dodoma, una njia ya kurukia ya mita 3,600, inayotosha ndege kubwa za masafa marefu. Siku kampuni yako ikiamua kuweka kituo cha marubani Dodoma, nafasi zitakuwa chache, waombaji watakuwa wengi, na karatasi itakayofunguliwa kwanza mezani ni ile yenye tarehe yako ya kuripoti kazini.