Jinsi ya kuongoza somo la "imani au matendo" kwenye jumuiya bila watu kununiana

Hili somo la kama mtu anaokolewa kwa imani au kwa matendo likiingia kwenye ratiba jua kabisa kuna watu watatoka wamenuna. Mimi limenikuta mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, mwaka wangu wa kwanza kuongoza, mzee mmoja kashika Warumi kutetea imani, mama mmoja kashika Yakobo kutetea matendo, wakarushiana mistari mpaka chai ikapoa na sala ya kufunga hakuna aliyetaka kuianzisha. Toka siku hiyo nikabadilisha mpangilio, naushusha hapa kwa nyie mnaoanza.

Usianze na mstari, anza na neno. Uliza tu "mtu akisema ameokoka ana maana gani?" Watakwambia kaacha pombe, kavua hereni, haendi tena ngomani. Yaani wameshakutajia matendo matupu hata somo halijaanza! Alafu wafungulie Waefeso 2:8, imeandikwa "mmeokolewa". Kuokolewa unafanyiwa, mtu aliyetumbukia kisimani akavutwa na kamba hawezi kuja kutusimulia alivyojitoa. Waache wacheke kidogo. Ila usiishie mstari wa 9 ule wa "si kwa matendo", nenda na wa 10 unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mawazo yanaenda pamoja jamani, sisi ndo tumeyakata kama muwa, kila mtu kaondoka na pingili yake.

Sasa ugomvi wenyewe: Paulo anasema mtu anahesabiwa haki kwa imani bila matendo, Yakobo anasema ni kwa matendo, si kwa imani peke yake. Paulo kwenye Warumi 4 na Yakobo kwenye sura ya 2 wote wanamtumia Abrahamu, kwahiyo usiwaache watu wabishane, warudishe Mwanzo wahesabu miaka. Mwanzo 15:6 Abrahamu kaamini tu, kahesabiwa haki, yaani kakubaliwa na Mungu, na hapo hata Ishmaeli hajazaliwa. Ishmaeli anazaliwa baba ana miaka 86, Isaka anazaliwa baba ana 100, alafu ndo inakuja sura ya 22 ya kumpeleka Isaka mlimani atolewe sadaka, na kijana keshakuwa mkubwa wa kubeba kuni mwenyewe. Paulo kamshika Abrahamu siku ile ya kuamini, Yakobo kamshika miaka mingi baadae imani ikiwa imepelekwa mlimani ikaonekana. Paulo anaongea na wanaotaka kumlipa Mungu, Yakobo anaongea na wanaosema "naamini" huku mwenzao analala njaa. Hapa usiwe na haraka, mpe mtu mmoja asome kwa sauti sura zote mbili hata kama zitakula dakika 20.

Kwa watu wa huku mfano wa mzabibu hauhitaji maelezo. Ukishapogolea mzabibu unabaki kama kijiti kikavu, mgeni akipita anadhani umekufa, kumbe mzizi, ndo imani, uko hai na vichala, ndo matendo, vitakuja. Hakuna mkulima anayenunua vichala sokoni akavifunga kwa kamba kwenye nguzo za shamba alafu akasema shamba limezaa. Lakini pia mti unaotoa majani tu kila msimu, huku wenzie wanavunwa mara mbili kwa mwaka, hata kama unapendeza utaanza kuuangalia vibaya.

Kama mna mchanganyiko, Mkatoliki kaolewa kwa Walutheri nk, wakumbushe tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walisaini tamko la pamoja huko Augsburg, Ujerumani, kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema yanafuata kama matunda. Wamethodisti wakajiunga 2006, na Waanglikana, ambao huku Dodoma ni wengi, nao wakaliunga mkono. Tofauti bado zipo, usidanganye watu.

Swali la mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kwamba aliokokaje bila matendo, litaulizwa tu, huwa halikosi. Jibu fupi: hakuwa na muda wa kutenda chochote na bado aliahidiwa paradiso, wewe mwenye muda ndo unaulizwa.

Mwisho soma Yakobo 2:15-16, ndugu hana chakula cha siku anaambiwa nenda kwa amani ukashibe, kisha funga Biblia uliza nani mtaani hapa hajawasha jiko leo. Fanya hivi miezi ya Januari hadi Machi wakati maghala yamekauka na uwele bado uko shambani, jina halichelewi kutajwa. Sisi mara ya mwisho zilipatikana sado tatu za unga na mafuta kidogo, tukapeleka usiku uleule kwa tochi za simu, maswali yaliyobaki tukayasogeza wiki iliyofuata.