Kupima mkunjo wa mlima unaoinuka polepole kwa rada ya setilaiti

Tutumie milima ya Zagros, kusini mwa Iran. Ni kame, mimea haba, kwa hiyo mwangwi wa rada haubadiliki sana kati ya picha na picha. Ugumu ni udogo wa kinachotafutwa. Wimbi la Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, lina urefu wa sentimita 5.6, na mzunguko mmoja wa rangi kwenye intafarogramu (picha ya tofauti kati ya picha mbili za rada) ni nusu yake. Mkunjo, yaani tabaka za miamba zilizopindwa kwa kubanwa, ukiinuka milimita 1 kwa mwaka, utahitaji kama miaka 28 kuumaliza mzunguko huo. Ndiyo maana tunarundika mamia ya jozi za picha.

Hatua ya 1: Data. Kama intaneti yako ni ya bando, achana na picha ghafi. Huduma ya LiCSAR hutoa bure intafarogramu zilizokwisha kutengenezwa, na programu ya LiCSBAS huzisoma moja kwa moja. Chukua fremu mbili (seti za picha) za eneo lako: setilaiti ikielekea kaskazini, na ikielekea kusini. Chini ya miaka mitano ya picha mimi sianzi.

Hatua ya 2: Jozi. Za picha zilizopishana siku 12 huwa safi na zinatamanisha. Ukizitegemea peke yake, athari ndogondogo za unyevu wa udongo hujilimbikiza mpaka zionekane kama ardhi inatembea. Changanya na za miezi kadhaa na za mwaka mzima.

Hatua ya 3: Hewa. Hapa usiwe na haraka. Mvuke wa maji huchelewesha rada, na juu ya bonde hewa ni nyingi kuliko juu ya kilele. Kosa lake basi hufuata umbo la mlima, yaani umbo lilelile la mkunjo unaoutafuta! Niliwahi kuwaonesha wenzangu ramani iliyochora mkunjo vizuri ajabu. Kumbe nilikuwa nimechora kimo cha mlima tu. Sahihisha kwa GACOS, huduma ya mtandaoni inayokadiria ucheleweshaji huo wa hewa. Usifute kila kinacholingana na kimo, utamwaga pumba pamoja na mchele. Kisha angalia milima ya jirani yenye kimo kama hicho: ikiwa yote "inainuka" kwa kasi ileile, hiyo ni hewa.

Hatua ya 4: Nukta ya rejea. Kasi zote hupimwa kutoka nukta hiyo. Mabonde mengi ya Iran huvutwa maji ya umwagiliaji na kudidimia sentimita kadhaa kwa mwaka. Ukiweka rejea humo, mlima utaonekana unapaa. Weka kwenye mwamba ulio wazi, mbali na visima na mbali na vilima vya chumvi ya Hormuz, kwani chumvi hiyo nayo hutiririka.

Hatua ya 5: Kuunganisha. Setilaiti hupita karibu na ncha za dunia ikitazama ubavuni, hivyo mwendo wa kaskazini-kusini karibu hauuoni. Zagros ya kusini-mashariki inabanwa takriban kwa mwelekeo huohuo. Kubanwa kwenyewe utakuachia GPS. Wewe tafuta kuinuka. Kwa kila pikseli, tumia fremu zote mbili kutenganisha wima na mashariki-magharibi.

Hatua ya 6: Mkato. Chora mstari kuvuka mkunjo, kasi juu, kimo cha ardhi chini. Kilele cha kasi kikiegemea ubavu wenye mwinamo mkali, naanza kuamini. Kikikaa sawasawa juu ya kilele cha mlima, narudi hatua ya 3.