Ukiendesha baiskeli ya milimani kando ya mto, punguza upepo kidogo

Vijia vya kando ya mto mjini vinadanganya. Juu pamekauka, chini bado tope laini lililoachwa na maji, na tairi iliyojazwa upepo hadi ikawa ngumu huteleza hapo bila kukuonya. Ukitoka kwenye lami, punguza upepo. Kwa mwendeshaji wa uzito wa kawaida mwenye tairi za tyubu, upepo wa paundi 28 hadi 32 (psi kwenye kipimo cha pampu) unatosha, ya mbele ikiwa chini kidogo kuliko ya nyuma. Usizidishe kupunguza: ukigonga jiwe, tyubu hubanwa kwenye ringi na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Mizizi iliyolowa ndiyo inayoangusha wengi. Ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiipite kwa mshazari, na breki uziachie kabisa gurudumu likiwa juu yake. Mwendo upunguze kabla hujaifikia. Vidaraja vya mbao vikilowa ni hivyo hivyo.

Chini ya madaraja makubwa kuna giza la ghafla, na mara nyingi kuna mtu anatembea na mbwa au mtoto. Piga kengele mapema, pita polepole. Tafadhali sana, njia ni yao pia.

Ukiona gurudumu linaacha mfereji kwenye udongo, geuza urudi kwenye lami. Mfereji huo ukikauka hubaki hivyo, na mvua ijayo huuchimba zaidi.

Wakati wa kuosha, usielekeze maji ya kasi kwenye beringi, yanafukuza grisi.