Kisikilizaji kimoja kwa orodha nzima: kushughulikia mibofyo kwa JavaScript

Chukua kikapu cha duka la mtandaoni, kila bidhaa ikiwa na kitufe chake cha kuifuta. Wengi hupitia vitufe vyote na kukifungia kila kimoja kisikilizaji, yaani msimbo unaosubiri kitufe kibofywe. Mwanzoni mambo huenda sawa. Mteja akiongeza bidhaa mpya, kitufe chake kinakuwa bubu, maana hakikuwepo visikilizaji vilipofungwa. Na kama imeongezwa kwa `innerHTML +=`, yaani kwa kuunga HTML mpya mwishoni mwa ile ya orodha, hasara ni mara mbili: kivinjari hujenga orodha yote upya, na vitufe vya zamani navyo hupoteza visikilizaji vyao.

Funga kisikilizaji kimoja tu, kwenye `ul` yenyewe, ile lebo ya HTML inayobeba orodha nzima. Tukio la kubofya huanzia kwenye elementi iliyoguswa, kisha hupanda kwa mzazi, kwa babu, hadi juu ya ukurasa. Lisipozuiwa njiani, lazima lipite kwenye `ul`.

```html
<ul id="kikapu">
  <li>Sukari
    <button type="button" class="futa"><i>✕</i></button>
  </li>
</ul>
```

```js
const kikapu = document.querySelector('#kikapu');

kikapu.addEventListener('click', (tukio) => {
  const kitufe = tukio.target.closest('.futa');
  if (!kitufe) return;
  kitufe.closest('li').remove();
});
```

Kazi kubwa iko kwenye `closest`. `target` ni elementi ya ndani kabisa pale palipobofywa: mteja akigusa ✕, `target` ni `i`, si `button`. Ndiyo maana msimbo unaokagua darasa la `target` moja kwa moja hukubali ukibofya ukingoni mwa kitufe na kugoma ukibofya katikati, hitilafu inayochosha sana kuitafuta. `closest` huanza na elementi yenyewe, kisha hupanda mpaka ikute `.futa`, isipoikuta hurudisha `null`, nasi tunatoka.

Usiache kuandika `type="button"`. Ndani ya fomu, kitufe kisicho na aina huhesabiwa kuwa cha kutuma, na ukurasa utajipakia upya.

Konsoli ikilalamika kuwa `kikapu` ni `null`, skripti imetangulia kabla `ul` haijasomwa. Faili ikiwa ya nje, ongeza `defer` kwenye lebo ya `script`, ili isubiri ukurasa usomwe kwanza.

Si kila tukio hupanda. `focus` (elementi inapochaguliwa, kama sehemu ya kuandikia) na `blur` (inapoachwa) hazipandi. Tumia `focusin` na `focusout`. Na kisikilizaji kikikaa kimya bila kosa lolote konsolini, tafuta kwanza `stopPropagation()`, amri inayozuia tukio lisipande, kwenye msimbo wa elementi za ndani, hasa ule wa maktaba uliyoazima.