Somo: Kukagua rolibaa ya trekta la mtumba kabla ya kulipa, na kuitunza baada ya hapo

Trekta la mtumba likiwekwa uwanjani, wanunuzi hukimbilia injini. Watasikiliza mlio, watatazama rangi ya moshi, watachomoa kijiti cha oili. Rolibaa, ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti, haina anayeitazama. Kwetu sisi tunaolima kwenye miteremko ya Karatu na Mbulu, nashauri rolibaa ianze, injini baadaye. Injini mbovu hufunguliwa ikatengenezwa; dereva aliyelaliwa na trekta hatengenezwi.

Rolibaa haizuii trekta kupinduka. Inabakiza nafasi kati ya dereva na ardhi, na mkanda unamshika dereva abaki ndani ya nafasi hiyo. Kimoja bila kingine ni nusu ya kinga. Trekta linaloinuka mbele na kuangukia nyuma humaliza mzunguko huo kwa takriban sekunde moja na nusu, kwa hiyo msitegemee kuruka. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga hii tangu 1959, Uingereza ikafuata mwaka 1970. Ndiyo maana Massey Ferguson na Ford nyingi za zamani ziliondoka kiwandani bila kitu nyuma ya kiti. Nyingine zilikuwa na kebini ya usalama, na ikivuliwa kwa sababu ya joto, kinga imeondoka nayo.

Hatua ya 1: Tafuta kibao. Rolibaa ya kiwandani ina kibao kidogo au stika ngumu, mara nyingi kwenye nguzo mojawapo. Kinataja mtengenezaji, modeli za trekta inazofaa, na kiwango ilichopimwa nacho, kwa mfano OECD, ISO au SAE. Linganisha modeli hizo na ile iliyo kwenye kibao cha trekta lenyewe. Zikipishana, rolibaa hiyo imetoka kwenye trekta jingine. Kibao kisipokuwepo, usiilipie hata senti kama kinga.

Hatua ya 2: Soma chuma. Hapa msiwe na haraka. Osha tope lote, hasa chini, nguzo inapokutana na nyumba ya ekseli, kwa sababu tope na samadi hukaa hapo na kutu huanzia hapo. Sugua kwa brashi ya waya. Kutu ya juu juu inayotoka na kuacha chuma laini haina neno. Kutu inayobanduka kwa magamba, au chuma kinachobonyea ukikigonga kwa nyundo ndogo, ni sababu ya kuikataa. Nguzo nyingi zina uwazi ndani, na maji yakiingia huzila kimya kimya kuanzia chini, kwa hiyo gonga kutoka juu kushuka na usikilize sauti inapobadilika.

Kisha tazama kona. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kwenye kona inaonyesha kwamba chuma kilipinda. Chukua futi, pima kutoka kila kona ya juu hadi sehemu ileile ya ekseli upande wa pili. Vipimo viwili vikitofautiana waziwazi, fremu imepinda, na huenda trekta liliwahi kupinduka. Rolibaa iliyopinduka imeshamaliza kazi yake. Hainyooshwi, hata kwa moto, hata na fundi hodari. Inabadilishwa.

Tafuta pia mashimo ya kutoboa kwa ajili ya taa au redio, na mishono ya kuchomelea ambayo haikufanywa kiwandani. Kila shimo na kila mshono umebadilisha nguvu iliyopimwa. Rangi mbichi kwenye rolibaa pekee, huku trekta zima limepauka, inatosha kumuuliza muuzaji maswali.

Hatua ya 3: Bolti. Tazama vichwa. Bolti za milimita huandikwa namba kama 8.8 au 10.9. Za inchi huwa na mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kichwa kitupu kisicho na alama ni bolti ya kawaida ya dukani, haifai hapa. Rudishia ukubwa na daraja lililotajwa kwenye kitabu cha rolibaa, na zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu hicho.

Hatua ya 4: Mkanda na kiti. Vuta mkanda wote hadi mwisho. Ukiona nyuzi zimechomoka, umekakamaa kwa jua au una doa la asidi ya betri, nunua mpya. Funga na kufungua kifungo mara kadhaa. Hakikisha mkanda umeshikizwa kwenye tako la kiti au sehemu iliyowekwa na kiwanda, siyo kwenye madigadi.

Hatua ya 5: Kama ni ya kukunjwa, pini zote ziwepo pamoja na klipu zake. Msumari au waya badala ya pini haukubaliki.

Baada ya kununua, rudia ukaguzi huu kila msimu kabla ya kulima, paka rangi palipochubuka, na usifunge mnyororo wa kuvutia kwenye rolibaa.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Massey Ferguson 135 yangu haina rolibaa. Kijana wa kuchomelea hapa mtaani atanitengenezea kwa bomba la inchi mbili. Nimruhusu?*

Marahaba, ndugu yangu. Usimruhusu, hata kama mkono wake ni mzuri. Rolibaa huundwa ipinde kwa kiasi ili imeze pigo. Bomba laini litajikunja juu yako, na chuma kigumu mno kinaweza kupasua nyumba ya ekseli. Kwa 135 zipo za kiwandani za kuongezea. Nenda kwa wakala na modeli pamoja na namba ya trekta.

*Langu lina paa la bati lenye miguu minne. Si linatosha?*

Hapana. Hilo ni la jua.

*Nalima chini ya miembe na rolibaa inanasa matawi. Niiondoe?*

Usiiondoe. Tafuta ya kukunjwa, uilaze ukiwa chini ya miti tu, na ukitoka uisimamishe papo hapo. Ikiwa imelazwa, usifunge mkanda. Ikiwa imesimama, funga.

*Mwalimu, wakati natafuta pesa ya rolibaa, nifunge mkanda kwanza?*

Usifunge, dada. Bila rolibaa, mkanda utakubakiza chini ya chuma chenye uzito wa zaidi ya tani. Mpaka uipate, usilipeleke trekta kwenye miteremko wala kando ya korongo. Tanua magurudumu ya nyuma kadiri modeli inavyoruhusu, na unganisha pedali mbili za breki unapokuwa barabarani. Kitu kilichokwama kifungwe kwenye chuma cha kuvutia cha chini, kamwe si kwenye toplinki (mkono wa juu wa kuunganishia jembe) wala ekseli. Ukinasa mtaroni, jaribu kutoka kwa rivasi kwanza. Na mtu yeyote asipande kwenye madigadi, hata mtoto anayesindikizwa shule.